Mungu Aliyeshikwa Mguu

Hapo zamani, katika nchi ya Uyunani, miungu ilipokuwa mingi na kila mmoja ana hekalu lake na ndugu wa kugombana nao, palikuwa na mfalme jina lake Doriklo. Alikuwa na mji, askari na afya njema, lakini havikumtosha. Alisikia kwamba Herakle, yule shujaa aliyemnyonga simba kwa mikono mitupu, alikuwa mwana wa Zeu, mkuu wa miungu yote, naye akaona wivu. Basi siku moja akatangaza sokoni kwamba na yeye ni mwana wa Zeu, ni mungu kamili, na watu wamsujudie kama wanavyozisujudia sanamu hekaluni. Simba hakuwa amenyonga hata mmoja, lakini nani angemwuliza?

Mamake, Bi Melita, alikuwa hai. Alikaa na mumewe miaka thelathini kwa heshima zake, akamzika, na leo mwanawe mwenyewe anautangazia mji kwamba mamake alizaa nje ya ndoa. Masikini bibi wa watu, akajifungia chumbani kwa aibu.

Ikawa katika mji huo yuko fukara mmoja, Fedimo, kazi yake kufagia hekalu la Zeu na kuosha sanamu, na ujira wake ni mabaki ya sadaka. Mdomo wake haukuwa na kufuli. Siku mfalme aliposhikwa na mafua, Fedimo akasema mbele ya wauza samaki kwamba miaka ishirini anaipangusa pua ya Zeu, na hajaikuta na kamasi hata siku moja. Watu wakacheka, na wambea hawakosi. Kabla ya jua kuchwa maneno yalikwisha fika kwa mfalme.

Doriklo akaghadhibika. Akamwita Fedimo, akampa amri apande mlima Olimpo, yaliko makazi ya miungu, akamwulize Zeu mwenyewe kama Doriklo ni mwanawe, na arudi na jawabu ndani ya siku tatu. Akishindwa, atakatwa kichwa. Na kila mtu alijua kwamba Olimpo ni mwendo wa siku kumi, kwenda tu. Fedimo akainama, akarudi kwake, akakaa siku mbili hawezi kula, maana hata mcheshi ana shingo moja.

Siku ya tatu akaingia barazani, akatambaa mpaka kwenye kiti cha enzi, akaukumbatia mguu wa kulia wa mfalme kwa mikono miwili. Mfalme akauliza jawabu liko wapi. Fedimo akasema hakwenda popote. Basi mfalme akaamuru auawe. Askari wakachomoa panga, kisha wakabaki wakitazamana.

Maana Wayunani walikuwa na desturi moja wasiyoichezea: mtu akishika madhabahu au miguu ya sanamu ya mungu, hagusiki, awe mwizi awe mwuaji, maadamu hajaachia. Walisema mji utakaoivunja utapigwa na tauni, na askari wale walikuwa na watoto nyumbani.

"Ewe mwana wa Zeu," akasema Fedimo, "nimekimbilia miguu ya mungu, sigusiki. Ila kama wewe ni mtu kama sisi, sema, nami nitaachia. Lakini hapo utaniua kwa kosa gani, na mimi nilisema hivyo hivyo?"

Mfalme akamwambia ashike tu, atachoka mwenyewe. Wapi! Fedimo hakuchoka. Mfalme akila, Fedimo yuko chini ya meza, anakula mabaki, kwani ndiyo haki yake. Mfalme akienda kuoga, Fedimo yumo. Akienda kujisaidia, Fedimo yumo vilevile, anatazama ukutani kwa adabu. Waliokuja kusujudu wakawa hawawezi kusujudu kwa kucheka.

Kesho yake Bi Melita akasikia vicheko, akatoka chumbani, akasimama mbele ya mwanawe.

"Mwanangu," akasema, "baba yako ni Hipaso. Sikumjua mwanamume mwingine. Unanivua nguo mimi mbele ya mji ili wewe uvae uungu?"

Doriklo akainamisha kichwa, akakiri kwa sauti ndogo kwamba yeye ni mtu. Fedimo akasema haitoshi, uwongo ulitangazwa sokoni, na kweli nayo iende huko huko. Basi mfalme akaenda sokoni akiburuta mguu, mamake nyuma yake, akatangaza, "Mimi ni Doriklo mwana wa Hipaso, ni mtu." Hapo Fedimo akaachia.

"Haya," akasema mfalme, "sasa mimi si mungu, nawe huna pa kukimbilia. Nini kitanizuia nisikukate kichwa?"

Fedimo akajishika shingo.

"Hakuna, bwana. Ila ukiniua kwa kusema wewe si mungu, itakubidi utangaze upya kwamba u mungu. Na mama ndiye huyu, anasikia."

Mfalme akamtazama mamake, akacheka kicheko cha mtu aliyeshindwa na anajua kashindwa, akamvua joho mtumishi wake mkuu aliyesimama kando, akamvika Fedimo. Lakini watu hawakulitazama joho. Walimtazama Bi Melita, aliyezunguka sokoni mpaka jua likachwa, akinunua samaki asiowahitaji, ili kila mwuzaji apate kumwamkia, "Shikamoo, mke wa Hipaso."