Kanuni Isiyo na Jina

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja ambaye mafuriko yalimtenganisha na binti yake. Maji yaliposhuka, watu wa bonde lile walikuwa wametawanyika katika makambi ya mbali, na mama hakujua binti yake ameangukia wapi. Kila Jumanne alikwenda kwenye ofisi ya kuwaunganisha waliopotezana. Alioga mapema, akavaa kitenge chake kizuri, maana huenda ndiyo siku.

Ofisini kulikuwa na kompyuta iliyosoma habari za makambi yote na kuwaoanisha watu kwa kanuni ilizoandikiwa: ikiwa kijiji ni kimoja na jina la mama ni lilelile, waunganishe. Kila kanuni ilipaswa kupewa jina lake, lakini walioziandika walikuwa na haraka. "Majina ya nini? Si tunazijua wenyewe?" Kisha wakahamishwa, wakaja wengine.

"Shikamoo, mama," dada wa ofisini akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Leo je?"

"Imekataa, mama. Kuna kanuni humo inakataa."

"Inaitwaje? Niitie, nizungumze nayo."

Wenzake dada yule wakaangua kicheko. "Mama, kanuni haina jina!"

"Mbona hata mbuzi wangu walikuwa na majina? Akiingia mmoja shambani, ningemfukuzaje nisimwite?"

Na ninyi mnacheka. Lakini hebu fikirini: utamwambiaje "toka" usiyeweza kumtaja? Dada hakucheka. Alirudi kwenye kiti chake, akaanza kuzipa zile kanuni majina, moja baada ya nyingine. Jumanne iliyofuata akaiuliza kompyuta: ni ipi inayomkataa mama huyu? Ikajibu: "Usimtafutie Marehemu."

Binti alikuwa hai. Siku ya kuandikishwa kambini aliulizwa mama yake yuko wapi, akalia, akasema maji yamemchukua. Basi kanuni ikamzika mama.

"Kwa hiyo mimi ni marehemu?"

"Humu ndani, ndiyo, mama."

"Haya. Marehemu amekuja kwa nauli yake mwenyewe."

Sasa sikilizeni vizuri. Kanuni ile haikuwa mbaya. Iliandikwa kwa huruma, ili waliofiwa wasipewe matumaini ya uongo. Dada hakuifuta. Aliandika nyingine, akaiita "Aliyesimama Mbele Yetu Yu Hai," kisha akaandika kwamba hii inaishinda ile. Angeandikaje hivyo, kama zote mbili hazina majina? Mama hakumaliza hata chai aliyopewa. Simu ya kambi ya mbali ilikuwa imepokelewa, na upande wa pili binti yake alikuwa akiita, "Mama?"

Na sisi je? Nani hapa hana mtu aliyemzika angali hai? Kaka usiyempigia simu. Binti asiyetajwa mezani. Tukiulizwa kwa nini, tunasema, "Ah, basi tu." Hiyo "basi tu" ni kanuni tuliyoiandika siku ya maumivu, tukaiacha bila jina, na mpaka leo inakataa kwa niaba yetu. Huko aliko, mtu anauliza ni nani amemkataa, nasi hatuna jibu.

Itaje leo mbele za Mungu. Aliyeketi karibu nawe si lazima asikie. Itaje kwa jina lake, kisha uiambie ikae chini.