Indiketa ya Kushoto

Alikuwapo dereva mmoja, jina lake Anyosisye, aliyekabidhiwa lori lake la kwanza, na mwaka ulikuwa haujaisha tangu hapo. Alilitunza vizuri. Alikagua matairi, alikaza kamba za turubai, hakugusa pombe wala hakukimbiza gari. Kitu kimoja tu kilimshinda: hakuvumilia watu wamwone mgeni wa kazi.

Ndugu zangu, mnaijua desturi ya barabara zetu. Lori lenye mzigo likipanda mlima hutambaa, na magari madogo hujipanga nyuma yake. Walio nyuma hawaoni kitu ila turubai. Basi dereva wa lori, aliyekaa juu na anayeona mbele, huwasaidia. Akiwasha indiketa ya kulia, maana yake subirini. Akiwasha ya kushoto, maana yake piteni, njia nyeupe. Sheria haijaandika hivyo. Ni mtu kumwamini tu mtu asiyemjua.

Asubuhi moja Anyosisye alikuwa akipanda mlima na shehena ya saruji. Foleni ilikuwa ndefu, na honi zilimwandama tangu chini. Jasho lilimtoka. Kila honi aliiona inamsema yeye. Alipokaribia kona akawasha ya kushoto. Ng'ambo ya kona hakuwa ameona chochote. Alitaka tu wamwondokee, waende zao.

Gari dogo la kwanza likachomoka bila kusita. Walikuwamo mzee Mwasongwe na mkewe, wakienda kumwona mjukuu aliyezaliwa juzi. Loo! Mbele yao ikatokea pikapu ya nyanya, ikishuka upande wake halali. Mwenye pikapu akajitupa mtaroni na gari lake ili asiwaue. Gari dogo likajibamiza ubavuni mwa lori, na mama wa watu akavunjika mguu.

Anyosisye alishuka garini. Alitazamia matusi. Kumbe mzee Mwasongwe alimjia akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa kumwashiria njia. Akawaambia askari wa barabarani waliokuwa wamefika kwamba dereva huyu alimwashiria vizuri, na dereva wa lori hawezi kumwita mtu kwenye njia mbaya; bila shaka mwenye pikapu alikuja kwa kasi. Askari wakakubali. Na yule mwenye pikapu, nyanya zake zimetapakaa mtaroni, akaanza kuomba radhi. Alimwomba radhi mzee, akamwomba radhi mama pale chini alipolazwa. Watu wote walisema ana kosa, naye akasadiki kuwa analo.

Hapo Anyosisye alichohitaji ni kunyamaza tu. Na alinyamaza, siwafichi. Alinyamaza mpaka yule mwenye pikapu akatoa leseni yake akawapa askari. Mkono wa Anyosisye ulikuwa bado umeshikwa na mzee, na aibu ilimchoma.

“Mzee, mimi sikuona kitu,” akasema. “Nilikuita upite kwa sababu nilichoka kupigiwa honi.”

Mzee Mwasongwe aliuachia ule mkono. Hakumtukana, na afadhali angemtukana. Alikwenda kuketi chini kando ya mkewe, akamfunika miguu kwa koti lake, asigeuke tena. Askari wakamrudishia mwenye pikapu leseni yake, wakachukua ya Anyosisye. Wiki ile ile lori alinyang'anywa, lakini si hilo lililomfanya asiweze kuinua uso. Ni zile shukrani.

Nawauliza ninyi mliotangulia, wazazi, walimu, wahubiri, nami nikiwamo: ni nani anayepita sasa hivi kwa sababu tulimwambia njia nyeupe, na sisi hatukutazama?