Viatu vya Kwenye Picha

Wapendwa, nani hapa amewahi kuagiza kitu mtandaoni, akafungua mzigo akakuta kitu kingine kabisa? Naona mnacheka. Kuna baba mmoja hakucheka.

Binti yake alizaliwa mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Siku moja yule baba akaona mtandaoni picha za viatu vya ngozi, soli imeinuliwa upande mmoja, na chini yake maneno haya: "Tunapima kila mguu, maana hakuna mtoto anayefanana na mwenzake." Akafurahi, akatuma vipimo, akalipa. Kilichokuja ni viatu vya plastiki, soli imebandikwa kwa gundi. Siku ya kwanza kuvivaa, soli ikabanduka kwenye ngazi za shule. Mtoto akaanguka, akavunjika mkono.

Yale maelezo yalitaja mahali fundi anapopatikana: nyuma ya soko la ndizi. Baba akafunga safari. Akamkuta mwanamke ameinamia kiatu, anashona.

"Picha hii ni yako?" Akamwonyesha simu.

"Ni yangu. Huo hapo ni mkono wangu."

"Na maneno haya?"

"Niliyaandika mwenyewe."

"Basi ni wewe uliyemvunja mwanangu mkono!"

Fundi akaichukua simu, akaitazama vizuri. Picha zake, maneno yake, hata njia ya kufika kwake, vyote vipo. Lakini tovuti si yake. Watu asiowajua walikuwa wamelinakili duka lake zima wakaliita lao.

"Kaka, hawa wameniibia. Oda yako haikunifikia kamwe. Mlete mtoto nimpime mwenyewe, wala sitaki chochote kwako."

Baba akaziangalia ngozi ukutani. Akakiangalia kile kiatu mkononi mwa fundi, kilekile cha kwenye picha. Ingekuwa wewe, ungemwamini?

"Hata wale waliongea vizuri hivyohivyo," akasema, akaondoka.

Fundi alihangaika huku na huko mpaka ile tovuti ikafungwa. Lakini yule baba hakurudi. Ndugu walipomsihi ajaribu tena, aliwajibu, "Wote ni walewale." Binti akaendelea kuchechemea, na kiatu cha kumfaa kipo, na wa kukishona yupo, tena anamsubiri.

Tunawalaani wezi wale, sivyo? Vema. Sasa tugeukie humu ndani.

Sisi nasi tuna maneno ya Bwana mwenyewe. Tumeyatundika sebuleni, tumeyabandika kwenye magari, kila asubuhi tunayatuma kwenye simu za watu. Maneno mazuri! Kisha jirani aliyefiwa akaja kwetu akitafuta faraja, akafungua mzigo, akakuta nini? Umbea. Dada wa kazi analala na njaa kwenye nyumba inayoamka kwa maombi. Kesho mweleze kwamba Yesu anampenda, uone atakavyokutazama.

Halafu tunakaa hapa tunaulizana kwa nini watu wa mtaa huu hawaji. Tunasema mioyo yao ni migumu.

Wapendwa, watu hawa hawajamkataa Bwana. Hawajawahi kumfikia.

Waliagiza kwetu.