Neno Lililomtoka Semeni

Kaeni vizuri, sogezeni na hao wadogo, maana habari yenyewe ni yao. Zamani hizo neno hodi lilikuwa halijazaliwa. Mtu akifika kwa mwenzake aliingia tu, kama upepo, akakukuta ulivyo na akakusikia unayoyasema.

Katika kijiji kimoja aliishi mama kijana, Mize, na binti yake Semeni. Kwa mdomo, mtoto yule alijaliwa! Neno likimjia lilikuwa limeshatoka. Siku moja jirani yao, Bi Sanura, aliingia, hata hajakaa, Semeni akamuuliza, "Leo ndevu umezing'oa zote?" Mize alicheka mpaka akajificha nyuma ya kinu, kisha akaomba radhi huku machozi yakimtoka.

Lakini kicheko kiliisha siku alipoingia Mzee Makame, mkubwa wa kijiji. Mize alikuwa ndiyo kwanza amemwambia mumewe kwamba mzee huyo akicheka meno yanagongana kama vifuu. Semeni akamkimbilia mgeni mlangoni. "Babu, cheka tusikie vifuu!"

Mzee Makame hakucheka. Alisema mtoto huyu hana adabu, aende ng'ambo ya mto kwa shangazi yake, anayejua kutia pilipili kwenye ulimi. Kesho angekuja mwenyewe kumchukua.

Mize amtoe mwanawe, amkabidhi kwa pilipili? Akamkalisha, akamshika mashavu, maneno yakimtoka mbiombio: mwanangu, mama yangu, nakuomba, kabla hujasema meza mate kwanza, umesikia, meza mate, neno lishuke.

Semeni akameza. Akajigusa koo.

"Nimemeza, mama. Bado lipo."

Kesho yake mzee akaja, amevaa msuli wake wa harusini, maana alikuwa akitoka hapo aende kuozesha. Mize alipiga magoti, alisema hiki na kile: kosa ni langu, mimi ndiye niliyesema, yeye karudia tu, na wewe baba uliingia neno likiwa bado la moto. Mzee akamshika Semeni mkono, akageuka kuelekea mlangoni. Semeni, nyuma yake, akameza mate. Akameza tena. Mize aliyaona mashavu yakimjaa, akafumba macho.

"Babu, msuli umechanika! Makalio yanachungulia!"

Mzee Makame akapeleka mkono nyuma, akapapasa, akakuta kweli.

"Nimepita kijiji kizima," alisema polepole. "Kila nyumba shikamoo, shikamoo. Hakuna aliyeniambia." Akamtazama mtoto. "Na harusini ningefika hivi hivi."

Ndipo alipocheka, na vifuu vikagongana, kweli kabisa, na Semeni akapiga makofi.

Mize alimpa mzee msuli wa mumewe. Mzee naye akaurudisha mkono wa mtoto kwenye mkono wa mama yake. "Mlee mwenyewe," akasema. "Ila siku nyingine nitasimama nje niite kwanza, upate kumnong'oneza."

"Utaitaje?" akauliza Semeni.

"Sijui. Nisemeje?"

"Sema hodi."

"Hodi ndiyo nini?"

"Sijui, babu. Limetoka lenyewe."

Na tangu siku hiyo mgeni husimama nje akaita hodi, akangoja. Ukiona karibu inachelewa, usinune. Humo ndani kuna mama amepiga magoti, ameshika mashavu madogo mawili, anamwambia mwanawe ameze mate. Na ukiingia ukamkuta mtoto anakutazama, mashavu yamejaa pomoni, jipapase nyuma kwanza. Ameshameza huyo. Bado lipo.