Kadi ya Mlango Mweupe

Nina hadithi na nina swali. Tuanze na kipi? Hadithi? Sawa, lakini asisinzie mtu, maana swali linakuja na mimi sitalijibu.

Huko Usangi, milimani Upare, Babu Kiangi aliishi na wajukuu wake watatu wa kike, na kila mmoja alikuwa na lake.

Nakijwa alikuwa na mkono wa kuchonga. Mpe wembe na mche wa sabuni, ukirudi utakuta kuku. Babu aliwahi kuogea kuku huyo wiki nzima, akilalamika kwamba mdomo unamchoma.

Hoyce alikuwa na jicho la kujua kitu gani kisiguswe. Wenzake wakifikiria pa kuweka rangi, yeye alifikiria pa kuacha peupe, na mkasi wake ulifuata mstari bila kutetereka.

Tumsifu, huyo hata ugali ulimshinda. Lakini rangi zilimtii. Angeweza kuitoa buluu mpaka njano na usione ilipoishia moja na kuanzia nyingine.

Basi kazi yao ikawa kutengeneza kadi za salamu: za harusi, za kumaliza shule, na moja ya kumpongeza jirani kwa ng'ombe wake kuzaa. Jirani aliibandika zizini.

Lakini nyumbani kwao kulikuwa na donda. Dada yao mkubwa, Namkunda, alikuwa ameolewa Mwanza na mwanamume ambaye Babu hakumtaka. Siku ya kuondoka, Babu alimwambia, "Ukienda, umeenda." Namkunda akaenda kweli, miaka mitatu asikanyage nyumbani. Kisha habari zikaja kwamba amejifungua mtoto wa kike.

Babu alifagia uwanja siku mbili. Siku ya tatu akasema, huku akiutazama uwanja, "Mimi sikufunga mlango."

"Si umpigie simu umwambie hivyo hivyo?" akasema Tumsifu.

"Nimpigie mimi? Babu ni nani hapa?"

Wasichana wakatazamana. Babu hatasema, basi kadi itasema.

Nakijwa akachonga muhuri wa nyumba yao. Mara ya kwanza alitumia kiazi kitamu, akapaka wino, akagonga, na mpera ulio kushoto kwa nyumba ukatokea kulia. "Kwani tumehama?" akauliza Hoyce. Kumbe Nakijwa alikuwa amesahau kwamba muhuri hugeuza kila kitu. Akatafuta kitu kigumu zaidi, akaona kandambili ya Babu ya mguu wa kulia, na hakuomba ruhusa. Safari hii alichonga kila kitu kinyumenyume: mpera, ngazi tatu za mawe, hata lile bati lililopinda pembeni ambalo Babu huahidi kulinyoosha kila mwaka. Akagonga juu ya karatasi ya manila. Ikatokea nyumba yao, si ya mtu mwingine. Babu alishinda akitafuta kandambili, mguu mmoja peku.

Hoyce akachukua mkasi. Akakata kikaratasi chenye ukubwa wa mlango, akaufunika. Akakata kingine, chembamba, akafunika njia inayotoka mlangoni mpaka ukingoni mwa kadi, pale anaposhika msomaji. Akavikandamiza vyote viwili kwa ncha za vidole ili rangi isipenye. "Mtu akinitekenya sasa hivi," akasema, "tutakosana mpaka Pasaka." Hakusogea mpaka rangi ilipokauka, na alipovibandua, mlango na njia vilibaki vyeupe.

Tumsifu ndiye aliyepaka rangi hiyo. Juu aliweka buluu ya kufulia nguo, chini binzari ya manjano, akazungusha sponji taratibu mpaka zikakutana. Lakini alikuwa ametoka kuosha vyombo, na mikono yake ilikuwa bado na povu. Kila alipoigusa binzari, ikageuka nyekundu. "Nimeiharibu!" akalia. Kisha akatulia, akaitazama vizuri. Hakufuta. Alichukua povu zaidi, akautandaza ule wekundu nyuma ya paa, kidogo kidogo, mpaka ukayeyukia kwenye njano. Ilikuwa ni alfajiri ya Usangi, jua likiwa bado nyuma ya mlima.

Ndani hawakuandika kitu. Wakaipeleka posta.

Miezi miwili baadaye Namkunda alipanda zile ngazi tatu, mtoto kifuani, mumewe nyuma na mabegi. Babu alitoka amevaa kandambili mbili za rangi tofauti. Alimpokea mtoto, akamshika mkwe wake mkono, na akalia waziwazi mbele ya watu wote. Siku hiyo walicheka, wakala makande mpaka sufuria ikakwanguliwa, na hakuna aliyetaja miaka mitatu.

Walipomaliza kula, Namkunda akaitoa kadi. "Mtoto anabatizwa Jumapili na bado hana jina. Niliapa kwamba atakuwa somo wa aliyetengeneza hii, aitwe kwa jina lake. Ni nani?"

"Mimi!" wakasema wote watatu.

"Mlango na alfajiri ni vya nani kama nyumba haipo?" akasema Nakijwa. "Bila muhuri wangu, dada angeona karatasi yenye rangi tu."

"Nyumba ziko kila mahali," akasema Hoyce. "Nani hupanda basi kuifuata iliyofungwa? Alichotaka kusema Babu, mimi ndiye niliyekisema."

"Mlango wako mweupe ulionekana kwa sababu mimi nilipaka pembeni yake," akasema Tumsifu. "Karatasi yote ilikuwa nyeupe!"

"Na ule wekundu? Si sabuni ile?" akadakia Hoyce.

"Kukosea nilikosea. Lakini kuuacha niliamua mwenyewe."

Babu akakohoa. "Na kandambili yangu je?"

"Babu, mtoto wa kike hawezi kuitwa Kiangi," akasema Namkunda.

"Sikutaja jina. Nataka kandambili."

Walipomaliza kucheka, wakamgeukia Namkunda. Kipi hasa kilimrudisha?

Akapitisha kidole juu ya kadi. "Niliona nyumba, nikajua ni kwetu. Niliona alfajiri, nikasikia mnaniamsha. Niliona mlango, nikashindwa kukaa. Lakini yote niliyaona kwa mpigo. Ningejua kilichonirudisha, mtoto angekuwa na jina tayari."

Hoyce akataka wapige kura. "Mwanangu si wa bahati nasibu," Namkunda akakataa. Nakijwa akataka apewe majina yote matatu. "Hayo ni majina ya mtoto au ya kikao?" akauliza Babu.

Na Jumapili ikafika. Kanisa limejaa. Mchungaji ametia kidole majini, amemwinamia Namkunda na kuuliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?" Mtoto anapiga miayo. Dada watatu wameshikana mikono, kila mmoja anasikiliza kama litatajwa lake.

Namkunda amegeuka, anakutazama wewe. Je, mtoto aitwe nani?