Magazeti ya Bi Kindi Yaliyotupwa Mtoni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wa Bonde la Mianzi walipokuwa bado wanasoma habari zao kwenye majani ya mgomba, aliishi Bi Kindi na wanawe kwenye tundu la mti. Mkia ulimzidi kimo, na kutulia hakukujua, hata chai aliinywa akitembea. Gazeti alilirithi kwa baba yake, na baba kwa bibi. Sharti la ukoo lilikuwa moja: mwenye gazeti anunue wino na majani, lakini asimwambie mhariri la kuandika.

Mhariri alikuwa Bwana Kanga. Asubuhi moja alichapa habari iliyomnyima Bi Kindi raha: KIBOKO AMEZIBA MTO. Kiboko na shemeji yake Nyati walikuwa wamepanga magogo huko juu, maji yote yakabaki kwenye bwawa lao la kuogea. Huku chini watoto wa Swala walilamba tope, matumbo yakiwauma.

"Una hakika?" Bi Kindi aliuliza mlangoni pa chumba cha mitambo ya kuchapia.

"Magogo nimeyaona kwa macho yangu."

"Basi sina neno."

Lakini alianza kuzunguka. Mara juu ya paa, mara uani, mara juu ya paa tena. Alijua watakuja, kwani Kiboko alimwona Bwana Kanga akiandika pale penye magogo.

Di! Di! Di! Wakaja.

"Bi Kindi! Toka nje!" Kiboko alinguruma.

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo yako kaa nayo! Mwambie huyo ndege wako afute habari yangu!"

"Siwezi, mzee. Kuandika ni kazi yake."

"Kwani gazeti si lako?" Nyati akauliza.

"Ni langu. Ndiyo maana silichezei."

Nyati akaparua ardhi kwa kwato, paru! paru! "Basi tunaponda mitambo yako, na mti huu tunaung'oa na vitoto vyako ndani!"

Wanawe walikuwa wakichungulia tunduni. Mitambo ikipondwa, gazeti limekufa. Habari ikifutwa, limekufa vilevile. Afanye nini?

"Wazee wangu," akasema, "kufuta siwezi. Lakini nakala bado hazijagawiwa, zote zimo kwenye matenga yale. Mkizibeba mkaenda kuzitupa, mimi na kimo hiki nitawazuia?"

"Mama!" Bwana Kanga aliruka, manyoya yamemsimama. "Umeniuza!"

Bi Kindi hakumtazama. Neno lile lilimchoma, lakini akasukuma tenga la kwanza mbele ya wale wawili.

Kiboko akacheka, "Ho! ho! ho! Nitazitupa bwawani kwangu."

"Hee, mzee! Jani la mgomba linaelea! Kila anayekuja kukuamkia atalisoma. Hizi zinataka maji ya kasi, yazipeleke mbali zikapotee."

"Maji ya kasi yatoke wapi," Nyati akasema, "na mto si tumeuzi…"

Kiboko akamkanyaga mguu. "Twende!"

Wakabeba matenga. Bi Kindi akawafuata juu ya miti, akitafuna ncha ya mkia wake. Je, wino utashika? Ulitengenezwa kwa masizi na ulimbo wa kunata, na kama ulimbo ulipungua, maji yataufuta na majani yatafika matupu. Na wakifungua kidogo tu kisha wakaziba?

Kule juu kwenye bwawa, Kiboko akang'oa gogo moja. Maji yakatoka chururu. Wakamwaga magazeti, yakakwama papo hapo.

"Ondoa jingine!" Kiboko akafoka.

Nyati akalisukuma kwa pembe. Kraa! Hapo maji hayakungoja ruhusa. Yakabeba magogo, yakabeba magazeti, bwawa zima likaondoka kwa kishindo. Kiboko akabaki amekaa kwenye tope, tumbo wazi.

Huku chini Mama Swala alikuwa akifukua mchanga. Akasikia ngurumo. Maji hayo! Na juu yake jani baada ya jani. Alipokwisha kunywesha wanawe, akaokota moja. Wino haukutoka. Akasoma kwa sauti, swala wote wakasikia, na ngiri, na nyani.

Wakapanda mto kwa pamoja. Wakamkuta Kiboko na Nyati wakihangaika kurudisha magogo.

"Hakuna gogo litakalorudi hapa!" Mama Swala akasema, na kundi zima likasimama katikati ya mto.

"Umenidanganya, we kitu kidogo!" Kiboko alimpigia kelele Bi Kindi mtini.

"Mimi, mzee? Herufi sijagusa. Na magazeti mmeyasambaza wenyewe."

Bwana Kanga, aliyekuwa amewafuata kwa mbali, akamjia Bi Kindi, kichwa chini. "Nisamehe, mama."

"Yamekwisha. Kesho unaandika nini?"

"Yote. Hata kwamba mwenye gazeti aliwapa matenga kwa mkono wake bila kuniuliza."

Bi Kindi akafungua kinywa kukataa. Mkia ukatikisika huku na huku. Kisha akafunga kinywa, akaenda kununua wino.

Basi wanangu, anayelinda uhuru wa mwandishi aulinde hata siku anapoandikwa yeye.