Dirisha Lisilo na Chumba

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kulinda nyumba isiyokuwa yake. Jina lake Mbelwa, wa huko milimani Lushoto. Nyumba hiyo aliijenga Mwingereza wa zamani kwa mtindo wa mabwana wa kwao: ya mawe, ubavu wa kulia sawasawa na wa kushoto, dirisha kwa dirisha. Kushoto palikuwa na dirisha moja la uongo. Lina fremu, lina kioo, na nyuma yake ukuta mtupu. Liliwekwa ili pande mbili zilingane, basi. Sheria ya majengo ya kale ililinda kila jiwe, na Mbelwa alipokabidhiwa funguo aliapa kwamba hakitaguswa kitu.

Yeye na mkewe Nakiete waliishi bondeni, katika kibanda kinachovuja. Masika yalipoingia, Nakiete alianza kuumwa kifua, akawa anakohoa mchana na usiku. Akamwomba mumewe amruhusu alale jikoni kwenye ile nyumba, mpaka mvua zipite tu. Jamani, vyumba kumi na viwili, vikavu, na hakai hata paka! Mbelwa alimpenda mkewe, tusimsingizie. Lakini alikataa, akasema kiapo ni kiapo, akamwongezea blanketi. Nakiete hakuyamaliza masika.

Siku ya tatu baada ya maziko Mbelwa alirudi kazini, maana vioo vilifutwa kila asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito. Alipofika kwenye dirisha la uongo alikuta kioo kina mvuke, kama mtu amekipumulia. Akafuta, haukutoka. Ulikuwa upande wa ndani. Katikati yake palikuwa na alama ya kiganja, kidole cha shahada kifupi kuliko vingine. Nakiete naye, mundu ulimkata kidole hicho hicho tangu usichana wake.

Kisha akaisikia sauti ya mkewe, taratibu, haina kinyongo.

"Mbelwa, huku ndani ni pakavu."

Alikimbia akaleta nyundo, akaiinua. Hapo akakikumbuka kiapo, akaiweka chini. Akaokota kitambaa chake, akahamia dirisha linalofuata.

Mwezi uliofuata wakaguzi walikuja, wakamsifu sana kwa kuwa kulia na kushoto bado ni sawa. Habari za mvuke hawakuuliza. Nawe ndugu yangu, funguo ziko mfukoni mwako: huyo anayekohoa nje utamfungulia lini?